TAFAKARI YA JUMAPILI: Familia inapoitwa kupimwa afya kabla ya viza



Wapendwa wasomaji, leo ni Jumapili ya 28 ya Mwaka C wa Kanisa, na masomo tuliyoyasikia yamejaa wagonjwa walio njiani. Naamani, jemadari wa Siria, anatoka mtoni Yordani akiwa mzima baada ya kujichovya mara saba. Katika Injili ya Luka, watu kumi wenye ukoma wanasimama mbali na kupaza sauti, naye Yesu anawatuma kwa makuhani wakakaguliwe. Angalieni mpangilio wa mambo pale. Hawakuponywa kwanza ndipo wakatumwa. Walitumwa wakiwa bado na madoa mwilini, na uponyaji ukawakuta barabarani.

Wiki nzima nimeyasoma masomo haya nikiikumbuka familia moja ya hapa kwetu Mgori, kando ya ule msitu mkubwa ambao wanavijiji wenyewe walikabidhiwa kuutunza miaka ya 1990. Mama wa familia hiyo ameniruhusu niandike habari yao bila majina. Tena alisema, "Andika, Baba, wengine wasihangaike kama sisi." Na niseme mapema kwamba mazungumzo nitakayoyasimulia hayakuwa maungamo. Yalifanyika nje ya kanisa, tumesimama, kuku wakipita miguuni.

Ilikuwa Septemba mwaka jana, jioni, baada ya Jumuiya. Mama huyo alinisubiri akiwa na karatasi mkononi. Mumewe anaishi Marekani, sasa ni mwaka wa nane, na amekwisha kuwa raia wa huko. Alikuwa amewaombea mkewe na watoto wao wanne wamfuate, na maombi yamefika mahali pa usaili ubalozini. Lakini kabla ya usaili, wote watano walitakiwa kwenda Dar es Salaam kupimwa afya na daktari aliyeteuliwa na ubalozi. Binti mkubwa alikuwa na miaka 17, wanaomfuata 12 na 8, na kitinda mimba miaka 4.

"Baba, hawa madaktari wanatafuta nini kwetu?" aliniuliza.

Sikujua. Nilijibu kama tunavyojibu mapadri wengi tukiulizwa jambo tusilolijua: nikasema tusali. Tukasali. Ndipo akatoa swali lililomleta hasa.

"Wanasema tutaulizwa kama nyumbani kumewahi kuwa na mgonjwa wa TB. Na kaka yangu unamjua."

Namjua. Miaka miwili kabla ya hapo alirudi kutoka machimbo ya dhahabu akiwa mifupa mitupu, anakohoa usiku kucha. Dada yake huyu alimpokea, akampa chumba cha uani. Alitumia dawa miezi 6, akapona, na leo anachunga ng'ombe wake kama kawaida. Muda wote ule aliyempelekea uji asubuhi na jioni alikuwa yule binti mkubwa.

Nikamwambia, "Mama, kaka yako amekwisha kupona. Ya zamani usiyachokonoe. Ukiulizwa, sema hapana."

Nilisema hivyo mimi, padri wa miaka zaidi ya 20, ninayekaa kwenye kiti cha kitubio nikiwahimiza watu waseme kweli. Sikuona kuwa ni uongo. Niliona ni busara ya mtu mzima. Tena nilijisikia nimesaidia.

Basi, kabla sijaendelea, niwaeleze nilichokuja kukijua baadaye kuhusu siku hiyo ya kupimwa, maana najua zipo familia nyingine zinazoitwa, na wengi wanakwenda kwa hofu ya giza. Ninayoyasema ni ya wanaohamia Marekani. Uingereza inataka cheti cha TB kwa mtu anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6. Canada na Australia nazo zina madaktari wao walioteuliwa. Taratibu hubadilika, kwa hiyo karatasi uliyopewa na ubalozi ndiyo ya kuifuata, si makala ya padri.

La kwanza, daktari ni yule aliyetajwa na ubalozi tu. Hata kama daktari wako amekutibu tangu utoto, cheti chake hakitapokelewa. Gharama ni juu ya familia na hutozwa kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Familia yangu hii iliuza magunia ya alizeti na mbuzi wawili kuongezea kile alichotuma baba, wakapanda basi hadi Dodoma, kisha treni mpya ya umeme hadi Dar es Salaam. Watoto hadi leo wanaisimulia treni kuliko mambo ya daktari.

Mlangoni unakaguliwa pasi ya kusafiria na kupigwa picha. Sababu yake ni kwamba wanataka wahakikishe anayepimwa kifua ndiye atakayepanda ndege. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Kisha kadi za chanjo. Hapa ndipo mama zetu wengi hukwama. Kadi ya kliniki inatunzwa vizuri mpaka mtoto anapotembea, halafu inakwenda chini ya godoro, halafu mchwa. Ya mtoto wa 12 ilikuwa imeliwa nusu, na muuguzi wa zahanati alikaa saa mbili akipekua madaftari ya zamani kutafuta tarehe. Mungu ambariki. Kama hakuna ushahidi kwamba mtoto alichanjwa surua au pepopunda au polio, atachanjwa tena, na italipiwa tena. Hata mtu mzima ana chanjo zake anazotakiwa kupata. Anzeni kutafuta kadi hizo siku mnapoanza kujaza maombi, msingoje wiki ya safari.

Daktari mwenyewe huanza kwa maswali: umewahi kulazwa, umewahi kufanyiwa upasuaji, unatumia dawa gani, umewahi kuugua akili, unakunywa pombe kiasi gani, umewahi kuvuta bangi. Vijana, hilo la mwisho lichukueni kwa uzito. Matumizi ya bangi yanaweza kumzuia mtu kupata viza hata kama huko anakokwenda wapo wanaoivuta hadharani. Baada ya maswali anapima uzito, macho, moyo, kifua, tumbo, tezi, na anatazama ngozi. Kwa kutazama ngozi inabidi mtu avue nguo na kubaki na kanga au gauni la hospitali. Mama na mabinti wanaweza kuomba awepo mhudumu wa kike chumbani, na kuomba hivyo si utovu wa adabu. Anachotafuta kwenye ngozi, pamoja na mambo mengine, ni mabaka yasiyo na hisia. Ndiyo, ni ukoma uleule wa Injili ya leo. Nao siku hizi unatibika, na aliyekwisha kuanza dawa huacha kuambukiza wengine mapema.

Aliyetimiza miaka 15 hupigwa eksirei ya kifua. Watoto kuanzia miaka 2 hadi 14 hutolewa damu kuangalia kama wamewahi kuambukizwa vimelea vya TB, na damu ikionyesha ndiyo, nao hupigwa eksirei. Mama mwenye mimba aseme mapema ili akingwe tumbo. Kwenye eksirei unavua kila kilicho kifuani na shingoni: mkufu, medali, skapulari, rozari. Bibi mmoja aliwahi kuniuliza kama kuvua rozari mbele ya mashine ni kumkana Bikira Maria. Nilimwambia Mama yetu anaelewa eksirei.

Wenye umri wa kuanzia 18 hadi 44 hupimwa kaswende, na vijana wa 18 hadi 24 kisonono pia. Na hapa niondoe hofu moja kubwa ambayo nimeisikia vijijini hadi mijini: virusi vya Ukimwi si kizuizi tena cha kuingia Marekani. Sharti hilo liliondolewa Januari 2010. Kuna watu walioacha kuomba kuungana na wenzi wao kwa sababu ya hofu ambayo sheria yake ilikwisha kufutwa. Presha na kisukari huandikwa kwenye fomu, beba dawa zako na karatasi zako za kliniki. Magonjwa yanayosimamisha safari ni machache, na mengi kati ya hayo husimamisha mpaka utibiwe, si milele.

Matokeo hupelekwa ubalozini, na kama mkikabidhiwa bahasha iliyofungwa, msiifungue. Hata kwa kuchungulia. Iliyofunguliwa haina kazi tena. Kwa kawaida matokeo yanadumu miezi 6, pengine chini ya hapo, na yakipita mnaanza upya. Kwa hiyo msiuze shamba wala msikate tiketi mpaka viza iwe mkononi. Wakimbizi wenzetu wa Kongo walioko kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, wanalijua hili kwa uchungu. Wapo waliokwisha kupimwa na kuagana na majirani, na Januari 2025 mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi ukasimamishwa. Karatasi ya afya haisubiri siasa. Inakwisha muda wake hivihivi.

Turudi kwa familia yetu.

Mama alipoulizwa kuhusu TB nyumbani, alisema hapana, kama padri wake alivyomfundisha. Wakaendelea. Kifua chake yeye kilikuwa safi. Kifua cha binti mkubwa kilikuwa na kivuli upande wa kulia, juu. Damu ya kitinda mimba ilionyesha maambukizi, ingawa eksirei yake ilikuwa safi na hakuwa mgonjwa.

Daktari aliwaita tena chumbani, akafunga mlango, akauliza swali lilelile kwa sauti ileile. Mama alinisimulia kwa simu usiku ule. "Nilimtazama binti yangu, Baba. Nikakumbuka bakuli la uji. Nikasema ndiyo, alikuwepo kaka yangu. Daktari akakata jibu la kwanza, akaandika la pili, nikasaini." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Nisamehe, nilisema ndiyo bila kukuuliza."

Wapendwa, nimehubiri Jumapili nyingi na kupewa asante nyingi mlangoni mwa kanisa. Sijawahi kunyamazishwa kama usiku ule. Mwanamke yule alikuwa ananiomba msamaha kwa kusema kweli.

Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekosa, na nilikosa mara mbili. Mara ya kwanza ni kumfundisha kuficha. Ya pili ndiyo kubwa zaidi: miaka miwili nyuma, kaka yake alipokuwa anameza dawa chumba cha uani, nilikwenda kumpa Komunyo kila mwezi, nikamwona yule binti anaingia na bakuli na kutoka, nikamsifia kwa huruma yake. Haikunijia akilini kusema, "Mpelekeni na huyu akapimwe." Vituo vyetu vya serikali hupima na kutibu TB bila malipo, na wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wanatakiwa kuchunguzwa, hasa watoto. Wangekwenda wakati ule, huenda lingeisha kwa dawa za kinga. Tulimwombea mgonjwa tukawasahau waliomzunguka.

Asubuhi tatu mfululizo binti alikwenda kutoa makohozi. Anasema mhudumu alisimama palepale akimtazama, mahali pa wazi penye upepo, na aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Chini ya darubini hawakuona kitu. Ukoo mzima ukashangilia. Mimi mwenyewe niliweka nia ya Misa ya shukrani. Lakini kanuni inataka makohozi yapelekwe pia maabara yakaoteshwe, kwa sababu vimelea vya TB hukua polepole na vichache huweza kuiponyoka darubini. Kuotesha huchukua hadi wiki 8. Wiki ya tano vikaota.

Ndipo akatokea mtu. Hutokea daima. Kijana mmoja wa mjini aliyejiita wakala alimfuata mama akasema mambo yanarekebishika: maombi mapya, daktari mwingine, na binti mwingine wa umri uleule ataingia kwenye eksirei badala ya huyu. Alitaja bei sawa na mavuno yao ya alizeti ya msimu mzima. Mama akanipigia tena.

Safari hii sikukimbilia kujibu. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema, "Baba, hata wakikubali picha ya mtoto wa watu, mapafu ya mwanangu yatabaki vilevile." Mimi nikaongeza tu lile nililokuwa nimelijua kufikia hapo, kwamba mwenye kukutwa amedanganya kwenye maombi ya viza anaweza kufungiwa Marekani maisha yake yote, wakati mwenye TB anazuiwa mpaka apone. Na kwamba ndani ya ndege mtu anakaa bega kwa bega na watoto wa wenzake kwa saa nyingi. Wakala hakupewa kitu.

Kipimo cha pili kilitoka nyumbani. Baba wa watoto, na simlaumu, mtu aliyekula chakula peke yake miaka minane, alisema kwa simu: njooni ninyi wanne, yeye akipona atafuata. Kwa karatasi, ndugu za mgonjwa wanaweza kuruhusiwa wakishachunguzwa. Ilikuwa njia halali. Mama aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya tatu akamwambia mumewe kwamba hataki binti aliyepeleka uji kwa mgonjwa abaki akipelekewa uji na watu wengine. Wangengoja wote. Mume alikata simu. Baada ya wiki alipiga tena, akatuma nauli ya mama ya kwenda na kurudi Dar es Salaam kila mwezi.

Tiba ilibidi ifanyike chini ya madaktari waliokubaliwa, kwa hiyo binti alibaki Mbagala kwa shangazi yake miezi 6, akipoteza nusu mwaka wa shule. Kila siku alimeza dawa mbele ya mhudumu. Siku za mwanzo alimpigia mama yake akilia kwamba anakojoa damu. Kumbe ni moja ya dawa hizo, hubadilisha mkojo uwe wa rangi ya chungwa, na haina madhara. Laiti mtu angemwambia kabla. Nawaandikia ninyi ili mwambiane.

Huku Mgori nako maneno yalitembea. Mama aliporudi na wale wadogo watatu, kuna nyumba zilizoacha kuwakaribisha. Wengine walisema wamekutwa na ugonjwa mwingine, mnaujua huo unaosingiziwa kila mtu. Kikombe cha kahawa cha Jumuiya kilianza kuruka zamu yake. Ningependa kuwaambia kwamba padri alikuwa tofauti. Nilipokwenda kuwaona mara ya kwanza, nilijikuta nimevuta kiti hadi karibu na mlango. Mtoto wa miaka 8 aliniuliza, "Padri, unaogopa jua la ndani?" Nikasogea.

Nilisoma teolojia Kipalapala, Tabora, na nakiri kwamba Kitabu cha Walawi kilikuwa usingizi wangu wa saa nane mchana. Sura ya 13 inaeleza kirefu jinsi kuhani anavyomkagua mtu mwenye doa kwenye ngozi: atazame kama nywele za pale zimegeuka nyeupe, kama doa limeingia ndani kuliko ngozi, akiwa na shaka amtenge siku 7, amtazame tena, na ikibidi siku 7 nyingine. Tulicheka darasani, tukaitana wakaguzi wa vipele. Sasa naisoma kwa namna nyingine. Kuhani wa zamani alikuwa na kazi ileile ya daktari yule wa Dar es Salaam. Hakuwa mponyaji. Hakupewa dawa hata moja. Alipewa macho, na subira ya kutazama mara ya pili na ya tatu kabla ya kusema neno.

Na sura inayofuata, ya 14, ina jambo ambalo usingizi ulinificha. Mgonjwa anapokuwa amepona, haingii kambini kwa kunyemelea akamtafute kuhani. Kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kwenda kumwona. Ukaguzi ule, pamoja na ukali wake wote, ulikuwa na safari ya kumrudisha mtu ndani. Yesu anapowatuma wale kumi kwa makuhani, hawatumi wakahukumiwe. Anawatuma kwa watu pekee wenye mamlaka ya kusema mbele ya kijiji kwamba huyu arudi nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na mamlaka hiyo katika kijiji changu, na niliitumia kukaa karibu na mlango.

Sisemi kwamba kila ukaguzi wa mipakani una huruma. Historia inakataa. Katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York, kituo kilichofunguliwa mwaka 1892, madaktari waliwatazama wahamiaji wakipanda ngazi na kuwaandika alama za chaki kwenye nguo: huyu moyo, huyu mguu, huyu macho. Waliwageuza kope kwa ndoano ndogo kutafuta trakoma, vikope tunavyovijua sana sisi wa Kanda ya Kati. Familia ziligawanyika pale; mtoto akapita, bibi akarudishwa melini. Aliyeandikwa chaki hakuulizwa jina kwanza.

Lakini pia wapo waliozuiwa na afya na Mungu hakuzuiliwa nao. Tarehe 1 mwezi huu tulimkumbuka Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alitamani kwenda monasteri ya Wakarmeli ya Hanoi, Vietnam, akaishi na kufa ugenini kama mmisionari. Kifua hakikumruhusu. Alikufa kwa kifua kikuu hukohuko Lisieux mwaka 1897, akiwa na miaka 24, enzi ambazo dawa hazikuwepo. Mwaka 1927 Papa Pius wa 11 alimtangaza kuwa msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakuwahi kufika misioni hata moja. Picha yake ndogo nilimpelekea binti yule Mbagala. Aliniambia kwa ujumbe wa simu kwamba anafurahi kujua mtakatifu naye alikohoa, ila yeye anakusudia kupona.

Amepona. Alimaliza dawa mwezi Mei. Makohozi yakachukuliwa tena, yakaoteshwa tena, na safari hii hakikuota kitu. Yule mdogo naye alimaliza dawa za kinga hapahapa nyumbani, mjomba wake akiwa ndiye anayemkumbusha kila jioni. Huyo mjomba, mwanzoni, alitaka kuhama kijiji kwa aibu. Dada yake alimzuia kwa maneno makali ambayo siwezi kuyaandika kwenye safu hii.

Mwezi ujao wanakwenda kupimwa upya wote watano, kwa sababu matokeo ya mwaka jana yamekwisha muda. Binti ametimiza 18, kwa hiyo sasa atatolewa na damu ya kaswende. Kadi za chanjo ziko kwenye bati la biskuti, juu, mbali na mchwa, pamoja na karatasi za matibabu ya binti na picha zake za eksirei za zamani, maana kovu la TB iliyopona huonekana, na daktari atataka kulinganisha. Kama watapata viza au hawatapata, hilo liko kwa ubalozi.

Juzi Alhamisi mama alikuja na daftari. Alikuwa ameandika majibu ya maswali yote ya afya mapema, kwa herufi kubwa, asije akababaika. Pale penye swali la TB nyumbani alikuwa ameacha nafasi. Akanitazama. Nikampa kalamu yangu, naye akaandika jina la kaka yake, mwaka aliougua, na mwaka aliopona.